Kufunga taa za ziada, chaja na honi kwenye pikipiki: dhana potofu na ukweli wake

Taa mbili za LED mbele, chaja ya simu kwenye usukani, honi ya gari, kifaa cha kufuatilia pikipiki ikiibwa: bodaboda nyingi za cc 100 hadi 150 zina angalau kimoja kati ya hivi. Vyote vinaweza kukaa kwenye pikipiki bila kuiharibu, mradi kila kimoja kipewe njia yake ya umeme kutoka kwenye betri. Pikipiki zinaharibika kwa sababu ya mambo yafuatayo, ambayo yamerudiwa kijiweni hadi yakaaminiwa kuwa kanuni.

"LED haili umeme."

Inakula, ila kidogo kuliko balbu ya kawaida kwa mwanga uleule. Chukua wati za taa ugawe kwa 12, utapata ampea. Taa ya wati 18 inakula ampea 1.5, na mbili zinakula ampea 3. Usiamini sana namba ya kwenye boksi, maana taa za bei rahisi huandikwa wati ambazo hazina. Pitisha umeme wa taa kwenye multimita (kipimo cha umeme) iliyowekwa upande wa ampea 10, usome mwenyewe.

Kisha fikiria umeme unatoka wapi. Koili za sumaku za pikipiki ndogo kwa kawaida hutoa takriban wati 100 injini ikizunguka kwa kasi, na hushuka sana pikipiki inaposimama kwenye foleni. Taa kubwa peke yake ni wati 35, taa ya breki 21, na bado betri inataka kuchajiwa. Kwa hiyo kinachobaki kwa vitu vya ziada ni kidogo. Ukifunga taa mbili za wati 40 kila moja na kuziwasha jioni nzima kwenye foleni, betri ndiyo itakayolipa pengo hilo, na asubuhi stata haitazunguka.

"Basi weka betri kubwa zaidi."

Betri ni tangi tu. Anayejaza tangi ni koili, na koili hazijabadilika. Betri kubwa itachelewa kuisha, lakini itaisha.

"Fyuzi ikikatika kila mara, weka kubwa au pitisha waya."

Hii ndiyo dhana inayochoma pikipiki, kwa hiyo tuikalie. Watu wengi hudhani fyuzi inalinda taa au redio. Kazi yake hasa ni kulinda waya. Waya wenye uwezo wa kubeba ampea 10 ukipitishiwa 30, shaba hupata moto, plastiki inayeyuka, waya wa pembeni nao unavuliwa nguo, na vyote hivyo vinatokea chini ya tangi la mafuta. Fyuzi ya ampea 10 ingekatika kabla hali haijafika huko. Ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara inayofungwa kwenye fyuzi iliyokatika haikatiki mapema hivyo. Ukiikuta kwenye pikipiki uliyonunua, itoe siku hiyohiyo.

Fyuzi ikikatika kila mara, mara nyingi kuna mahali chanya inagusa bodi, yaani chuma cha pikipiki ambacho ndicho hasi. Kuipata si kazi ya kubahatisha. Toa fyuzi, na mahali pake unganisha balbu ya indiketa ya volti 12, wati 21. Zima taa zote na chomoa vifaa vya ziada, kisha washa swichi ya funguo. Balbu ikiwaka kwa nguvu kamili, shoti ipo. Sasa geuza usukani taratibu kulia na kushoto hadi mwisho, tikisa waya chini ya tangi na chini ya kiti, fungua kishikio cha taa ya nyuma. Pale utakapogusa balbu ikafifia au kuzima, umefika. Mara nyingi ni shingoni mwa usukani, ambapo waya za ziada zimefungwa kwa kubanwa mno na fremu inazisaga kila unapokata kona.

Fyuzi ya kifaa cha ziada iwe juu kidogo ya mahitaji yake: kifaa cha ampea 3, fyuzi 5; honi za ampea 8, fyuzi 10. Na ikae jirani na chanya ya betri, isizidi sentimita 15 au 20. Ukiiweka karibu na taa, waya wote kutoka kwenye betri hadi hapo hauna ulinzi.

"Rilei ni ya magari."

Kitufe cha honi cha pikipiki kimetengenezwa kwa honi yake ndogo, yenye ampea 2 au 3 hivi. Honi mbili za gari zinaweza kuvuta 8 au zaidi. Kila unapobonyeza, ncha za ndani zinatoa cheche, zinaungua, na mwishowe kitufe kinaganda au plastiki inayeyuka. Rilei ya kawaida ya pini nne, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, inaondoa tatizo hilo, kwa kuwa kitufe kinabeba umeme mdogo sana wa kuiamsha tu.

Kwa honi, fanya hivi. Toa kwanza hasi ya betri, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, umepiga shoti. Waya mbili zilizokuwa kwenye honi ya zamani ziunganishe kwenye pini 85 na 86. Ukifanya hivyo huhitaji kujua kama kitufe chako kinakata chanya au hasi, itafanya kazi kwa vyovyote. Rilei yenye dayodi ndani (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndiyo pekee inayojali upande. Pini 30 iende kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi, pini 87 iende kwenye honi mpya, na upande wa pili wa honi urudi kwenye hasi. Funga rilei pini zikitazama chini ili maji yasikae ndani.

Kwa taa za mbele mpangilio ni uleule, ila 86 inapata umeme kupitia swichi ya taa kutoka kwenye waya unaoamka kwa funguo, kama ule unaoingia kwenye swichi ya breki, na 85 inaenda bodi.

"Unganisha tu kwenye waya wa taa kubwa, upo karibu."

Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa kubwa haitumii betri. Inapata umeme wa kwenda na kurudi moja kwa moja kutoka kwenye koili. Dalili yake unaijua: ukivuta mafuta, taa inang'aa zaidi. LED au chaja ikifungwa hapo itacheza, na mara nyingi itaungua. Rilei nayo itatetema.

"Waya ni waya."

Waya mwembamba wa spika, wa milimita za mraba 0.5, wenye urefu wa mita 2 kwenda na 2 kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.14. Ampea 5 zikipita unapoteza volti 0.7 njiani, na hizo zote zinakuwa joto. Tumia 0.75 kwa chaja, 1.5 kwa taa na honi. Chagua waya wa nyuzi nyingi laini, kwani wa nyumba wenye uzi mmoja mnene hukatika kwa mtikisiko.

Kusokota na kuzungushia tepu hakudumu pia: joto la injini linalainisha gundi, tepu inafunguka, maji yanaingia, shaba inageuka kijani. Bana kwa terminali na mpira wa kusinyaa kwa joto. Risasi ya kuchomelea inafaa pale tu waya uliposhikiliwa vizuri, la sivyo unakatika pale risasi inapoishia. Na ukitumia fremu kama hasi, kwaruza rangi hadi chuma kionekane.

"Simu haipo kwenye chaja, kwa hiyo haili kitu."

Chaja iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri inaweza kula miliampea 20 bila simu. Betri ya ampea-saa 5 inamalizwa na hizo kwa saa 250, yaani siku kumi za kukaa, na stata itagoma mapema kuliko hapo. Ipitishe kwenye funguo. Kifaa cha kufuatilia pikipiki lazima kibaki kwenye betri muda wote, kwa hiyo kipe fyuzi yake ya ampea 1 au 2, na pikipiki ikikaa muda mrefu iwashwe na kuendeshwa.

Ukimaliza kufunga, washa kila kitu, ongeza mzunguko wa injini, pima kwenye nguzo za betri. Volti 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Chini ya 13 umefunga vingi kuliko koili zinavyoweza, au chaji ina hitilafu. Ikizidi 15, regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti volti za chaji, imekufa, na inatakiwa kubadilishwa kabla haijachemsha betri na kuunguza balbu.