Gari la turbo, fundi wa Mbeya na safari ya Dar isiyo na sababu

"Hili ni la turbo, mafundi wa hapa hawaliwezi. Nalipeleka dila, Dar." Husema hivyo mwenye Subaru Impreza WRX, husema hivyo mwenye Golf GTI, na siku hizi hata mwenye Altezza, gari ambalo halijawahi kuwa na turbo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini. Kisha mtu huyo anatoka Mbeya na taimingi belti (mkanda unaozungusha kamshafti, shafti zinazofungua valvu za injini) iliyochoka, anakata zaidi ya kilomita 800, anateremka Kitonga kwa gia ndogo injini ikilia, ili belti hiyohiyo ikabadilishwe "kwa usalama".

Dila, yaani wakala rasmi wa kampuni ya gari, anacho kitabu cha kazi, vifaa maalumu na programu za kampuni. Hayo ni ya kweli na yana thamani yake. Lakini Subaru yako ilitoka mnadani Japani, na huenda ni ya aina ambayo hakuna dila wa hapa nchini aliyewahi kuiuza. Spea ataagiza, nawe utasubiri, kama ambavyo ungeagiza mwenyewe. Tena kazi inayowatisha watu kuliko zote, belti ya EJ20, injini ya Subaru, haihitaji kompyuta hata kidogo. Inahitaji fundi asiye na haraka.

Belti hiyo hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Kama gari ni la mtumba na kilomita zake huziamini, hesabu kwamba zimeshafika. Usinunue belti peke yake: nunua seti yenye tenshena (kifaa kinachoikaza belti) na roli zake, na kwa kuwa umeshafungua, weka na wota pampu mpya. Tenshena ni ya hidroliki. Ikitolewa, kichwa chake hurudishwa ndani kwa presi ya kusukuma wima, si kwa vaisi ya kulala, tenshena ikiwa imesimama wima, polepole kwa muda usiopungua dakika tatu, ndipo inachomekwa pini. Fundi mwenye pupa huikandamiza kwa sekunde kumi. Kwa macho inabaki nzima na gari linawaka vizuri, ila sili ya ndani imeshaumia. Baadaye utasikia inagonga asubuhi, belti inalegea, inaruka meno, pistoni inakutana na valvu.

Halafu kuna kamshafti mbili za upande wa kushoto kwenye injini za DOHC, yaani zenye kamshafti mbili kila upande. Springi za valvu zinazisukuma, kwa hiyo belti ikitoka zinataka kujizungusha zenyewe. Ukizizungusha ovyo, valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi zinagongana vichwa na kupinda, na hapo hata ufunguo hujaugusa. Kazi ikiisha, krenki huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili na alama za puli zinakaguliwa upya. Alama za kwenye belti hazitarudi mahali pake, na fundi anayezitafuta hizo hajawahi kusoma kitabu.

Basi kabla ya kuuliza bei, muulize fundi, awe wa Dar, au wa Mafiati au Uyole hapa Mbeya: tenshena unaibanaje? Akikujibu "naibana tu," chukua ufunguo wako uondoke, hata kama gereji ina vigae sakafuni na kahawa mezani.

Jambo la pili linalofanana na hilo ni oili. Watu wanadhani turbo imekufa kwa sababu "fundi wa mtaani aliigusa". Kwenye injini nyingi za EJ za turbo, ndani ya bolti inayofunga mrija wa oili kuna kichujio kidogo cha wavu, kidogo kuliko ncha ya kidole. Kikiziba kwa tope la oili, shafti ya turbo inazunguka kavu, na hapo haijalishi nani aliifunga. Tope hilo ni la mwenye gari anayemwaga oili kila kilomita 10,000, tena kwa 20W-50 ya bei chee, oili nzito ambayo kwenye baridi ya Juni na Julai huku kwetu inachelewa kupanda. Weka 5W-30 au 5W-40 kama kitabu cha gari kinavyotaka, lita 4 hadi 4.5, kila kilomita 5,000. Nenda na dumu lako ambalo halijafunguliwa, simama hapo likifunguliwa, na uondoke na spea zote za zamani. Fundi akinuna, anune.

"Nikienda mtaani nitapoteza waranti." Waranti ipi? Ya kiwanda ilikuwa ya Japani, na kwa gari la 2008 ilikwisha zamani.

"Wakipiga mashine tatizo litajulikana." Mashine ya kompyuta inasoma kodi, yaani namba ya hitilafu, haisomi kifaa kibovu. P0171 maana yake mchanganyiko una petroli pungufu, basi. Kwenye gari la turbo anza na mipira ya hewa na klipu zake: ufa wa kucha moja unatosha kuleta kodi hiyo, huku wewe umeshauziwa sensa mbili.

"Spea orijino zipo kwa dila tu." Plagi za NGK na Denso, na seti za belti za Aisin, zinatoka kwa kampuni zilezile zinazouzia viwanda vya magari. Feki zipo kweli, kwa hiyo nunua kwa mtu atakayekuandikia risiti yenye namba ya spea.

La themostati, kifaa kinachozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto, ni aibu yetu wenyewe mafundi wa mtaani. Gari linachemsha, fundi anaing'oa, mwenye gari anashukuru. Kuanzia hapo injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, nyingine inashuka kwenye oili. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, ambako maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Mfuniko wa rejeta uliochoka huku unaonekana mapema kuliko Dar. Badilisha mfuniko, weka kolanti badala ya maji ya bomba, jaza polepole pua ya gari ikiwa juu ili hewa itoke. Mapovu yasipoisha, pima hed gasketi.

Kuna kazi za kumpelekea dila, au gereji yenye vifaa kama vyake. Mojawapo ni kuandikisha ufunguo mpya kwenye kompyuta ya gari. Nyingine ni giaboksi la DSG (la klachi mbili linalojibadilisha gia) la gia sita kwenye Golf: oili na filta kila kilomita 60,000, na kipimo chake huchukuliwa oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, ikisomwa kwa mashine. Asiye na mashine hiyo anabahatisha.

Eabegi pia. Za Takata, kampuni ya Japani iliyozitengeneza, ziliitwa zirudishwe kubadilishwa kwa mamilioni duniani kote, na magari ya Kijapani yamo kwa wingi. Namba za chasisi za Japani, kama zinazoanza na GDB au SG5, hazikubaliki kwenye tovuti za Marekani zinazodai herufi na tarakimu 17. Ziingize kwenye ukurasa wa Japani wa kampuni ya gari lako, na ukikuta gari lako limo kwenye orodha ya kurudishwa, usimruhusu mtu yeyote kufungua usukani kwa spana ya kawaida.