Mbu wa Tanga mjini wanazaliwa uani, si porini

Masika yakianza kupungua, kwenye nyua nyingi za Ngamiani, Makorora na Mabawa hubaki maji ya aina tatu: maji safi ndani ya vyombo, maji machafu ndani ya makaro na vyoo, na madimbwi ya nje yanayopigwa na jua. Kila maji yana mbu wake, na kila mbu ana saa yake ya kuuma na ugonjwa wake. Asiyelijua hilo hutumia nguvu zake zote kufyeka majani. Majani marefu humpa mbu pa kupumzikia tu, hayamzalii mtoto.

Tuanze na maji safi, maana ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Mbu wake ni Aedesi, mweusi mwenye mapete meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na tangu alasiri hadi magharibi, saa ambazo watoto wako madrasa na wakubwa wako barazani. Ndiye mwenezaji wa homa ya dengue, iliyolipuka mwaka 2019 na kuikumba zaidi mikoa ya Dar es Salaam na Tanga. Hutaga kwenye pipa, diaba, tairi bovu, kopo, kifuu cha nazi, hata mtumbwi uliopandishwa ufukweni ukajaa mvua. Kwa kawaida hasafiri zaidi ya mita 200 hivi kutoka alipozaliwa. Anayekuuma barazani kwako, basi, ametoka kwako au kwa jirani.

Mayai yake hayaelei. Huyabandika moja moja kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na ukiyatazama utadhani ni masizi. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, na maji yakirudi yanaanguliwa. Ndiyo sababu kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mwaga, kisha sugua ukuta wa ndani kwa brashi ngumu na sabuni, ukikazania pale penye mstari wa maji, halafu suuza na maji ya kusuuzia uyamwage kwenye ardhi kavu. Chombo kikijazwa upya, kifunike kwa kitambaa kizito kilichokazwa kwa mpira, kisiguse maji. Mfuniko uliopinda haumzuii mbu. Tanki nalo liwekwe wavu kwenye bomba la kufurikia.

Hapa pana jambo ambalo mitaa mingi haijalipigia hesabu. Kwa joto letu la pwani, yai lililoanguliwa huwa mbu arukaye ndani ya siku 7 hadi 10. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni mzuri, lakini kati ya usafi mmoja na mwingine kundi baada ya kundi la mbu limekwisha kuruka. Kusugua vyombo ni kazi ya kila wiki, siku ileile, na kwa mtaa mzima.

Maji machafu ni ya Kuleksi, mbu wa rangi ya udongo anayevuma sikioni usiku. Katika miji ya pwani yetu, huyu ndiye mwenezaji mkuu wa minyoo ya matende na mabusha. Kuumwa mara moja hakuleti matende. Huhitajika kuumwa mara nyingi, kwa miezi na miaka. Kwa hiyo karo bovu likiachwa mwaka baada ya mwaka hugeuka kuwa ugonjwa wa nyumba hiyo.

Choo cha shimo kilicho kikavu hakimzalishi Kuleksi. Taabu huanza pale maji ya bafuni yanapoelekezwa kwenye shimo hilohilo, au shimo linapochimbwa hadi kufikia maji ya ardhini. Yatenganishe maji ya bafuni. Karo na chemba zikague mchana kwa tochi: viluwiluwi vya Kuleksi huning'inia kichwa chini, mkia ukigusa uso wa maji. Ziba nyufa za mfuniko kwa saruji sehemu moja na mchanga sehemu tatu. Kwenye bomba la hewa funga wavu wa plastiki. Ule wa chuma cha kawaida huliwa na kutu upesi, kwa chumvi ya bahari na gesi ya karo. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vyenye maji vilimwagiwa chembe nyeupe nyepesi, zile za kufungashia redio na televisheni. Zilitanda juu ya maji, viluwiluwi vikakosa pumzi na mbu wakakosa pa kutagia.

Ugumu mkubwa hapa ni watu kuliko saruji. Nyumba ya vyumba sita ina wapangaji sita na chemba moja, na mwenye nyumba anaishi kwingine. Kila mtu hulipia chumba chake, na chemba inakosa mwenyewe. Afadhali jambo hilo liandikwe kwenye mkataba wa pango: nani anakagua, nani ananunua saruji. Likishindikana, mjumbe au afisa afya wa kata ahusishwe mapema, kabla vuli haijaanza.

Madimbwi ya nje ni ya Anofelesi, mwenezaji wa malaria. Viluwiluwi vyake hulala sambamba na uso wa maji. Karibu na mikoko yuko mwingine wa jamii hiyo anayezaliana kwenye maji ya chumvichumvi, kwa hiyo maji ya chumvi si kinga. Fukia madimbwi. Usimwage oili chafu: inapenya hadi visimani, na mwamba wetu wa chokaa una nyufa nyingi. Ulizia kwa afisa afya viuaviluwiluwi vya kibiolojia vinavyotengenezwa Kibaha. Ndani ya nyumba, Anofelesi hupitia uwazi kati ya ukuta na bati. Ukiuziba bila kufanya jingine, chumba kinakuwa tanuri na watu wanahamia nje usiku. Weka dari, na madirisha yanayotazamana yatiwe wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1.5 ili upepo upite.

Ukipata homa, pima malaria kwanza. Kama huna malaria na viungo vinauma, kichwa kinagonga nyuma ya macho, fikiria dengue: kunywa maji mengi na parasetamoli, usimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwani huongeza hatari ya kutoka damu. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au fizi zikitoka damu, nenda hospitali mara moja, hata kama homa imeanza kushuka, maana hatari huja wakati huohuo. Na mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, Aedesi asimuume akaupeleka ugonjwa chumba cha pili.