Brugimansia ya baridi kando ya Ziwa Victoria: usiku ndio unaoamua

Wateja wanaonionyesha kwenye simu picha ya brugimansia nyekundu, ule mti mdogo wa maua ya tarumbeta, huwa wameshafikiria jua, maji na mbolea. Karibu hakuna anayeuliza habari za usiku. Kwa mmea huu usiku ndio unaoamua kama utapata maua au utabaki na kichaka cha majani, kwa hiyo leo naeleza kwa kirefu, pamoja na namna ya kuotesha pingili na kuchavusha kwa mkono, kwa sababu mambo hayo matatu huenda pamoja.

Jenasi ya Brugmansia ina spishi 7, zote za Amerika Kusini, na wakulima wake huzigawa makundi mawili. Zile tarumbeta nyeupe na za rangi ya pichi zinazoning'inia juu ya kuta za nyumba nyingi hapa mjini Mwanza ni za kundi la joto au machotara yake. Hizo hazina shida na hali ya hewa ya hapa. Kundi la baridi lina spishi 3: Brugmansia arborea yenye ua jeupe fupi, Brugmansia sanguinea yenye mrija mrefu mwekundu wenye njano na kijani, na Brugmansia vulcanicola, ndogo kuliko zote na ngumu kuipata. Hizi ni za milima ya Andes, na ndizo ninazozungumzia hapa.

Usawa wa ziwa letu ni mita 1,134 juu ya bahari. Sanguinea kwao huota kati ya mita 2,000 na 3,000, hata zaidi. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda, kwa hiyo mahali pa mita 2,500 pana ubaridi unaotuzidi kwa nyuzi 8 hivi. Urefu wa mchana haupishani sana, kwani Ecuador na kusini mwa Kolombia ziko karibu na ikweta kama sisi. Mkulima wa Ulaya anapigana na majira ya baridi na giza lake. Sisi tunachokikosa ni kimo peke yake, na hilo linanipa matumaini makubwa.

Mchana wa joto mmea huu huuvumilia ukipata kivuli. Majani yatalegea saa nane mchana na kuinuka jioni. Ila usiku usipopoa, unaendelea kutumia sukari iliyotengenezwa mchana, na vitumba havifungi, au vinafunga kisha vinadondoka vikiwa vidogo. Sasa fikiria ufukweni: maji ya ziwa yanashika joto la mchana na kuliachia polepole usiku kucha. Mawe yetu yanafanya vilevile. Watu wa Capri Point na Bugando hupenda kupanda kwenye uwazi kati ya mawe makubwa kwa sababu ya kile kivuli kizuri, lakini weka kiganja chako kwenye jiwe hilo saa tatu usiku uone lilivyo na joto. Kwa brugimansia ya baridi hapo ndipo pabaya kuliko pote kiwanjani.

Tafuta upande wa mashariki wa nyumba au wa mti mkubwa, jua la asubuhi liingie na la mchana lizuiwe, pawe wazi juu ili usiku joto lipande na kuondoka. Mwenye kiwanja mbali na maji, kuelekea Buhongwa au Kisesa, ana nafasi nzuri kuliko wa Kirumba. Ndugu zetu wa Karagwe na wa milima ya Tarime wamebahatika. Huko kimo chenyewe kinasaidia, na nawashauri waanze bila kusita. Hapa Mwanza tegemea kipupwe, Juni hadi Agosti, anga likiwa safi na usiku ukipoa. Mti ulishwe vizuri tangu mvua za masika ili ufike Juni ukiwa na nguvu za kufunga vitumba.

Udongo wetu wa luseni, yaani wa kichanga, unapitisha maji vizuri lakini hauna chakula, na brugimansia ni mlaji mkubwa. Changanya mboji na samadi iliyooza kabisa, kisha tandaza nyasi kavu unene wa kiganja kuzunguka shina ili mizizi ipoe. Udongo mweusi wa mbuga usiutumie peke yake, unatuamisha maji na mizizi inaoza. Ndoo kubwa yenye matundu inafaa, mradi isiwe nyeusi na isikae juani.

Adui wa kiangazi ni utitiri wekundu. Kagua chini ya majani kila wiki na uwaoshe kwa maji yenye nguvu ya kutosha. Pia usipande karibu na nyanya. Mimea hii ni ukoo mmoja na nyanya, bilinganya na tumbaku, na inaambukizana virusi kupitia wadudu, visu, hata mikono ya mvutaji sigara. Kisu kifutwe kwa spiriti kila unapohama mti mmoja kwenda mwingine. Mti ukishapata virusi, pingili zako zote zitazaliwa navyo.

Nalisema hili kabla ya kufika kwenye kazi ya mikono: kila sehemu ya brugimansia ni sumu, kuanzia mzizi, jani, ua hadi mbegu. Ndani yake mna skopolamini, hayosiamini na atropini, na kuila kunaleta kuchanganyikiwa kukali na kunaweza kuua. Utomvu ukigusa jicho, mboni inapanuka na kuona kunavurugika. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, zungushia uzio watoto na mbuzi wasifike. Wanaoniandikia kuulizia dawa ya kienyeji, jibu langu ni hapana, na halitabadilika.

Kuhusu pingili, tazama kwanza mti wenyewe. Brugimansia hupanda shina moja wima mpaka lifanye panda ya kwanza, ile Y. Maua hutokea kuanzia hapo kwenda juu. Pingili ya juu ya panda hukumbuka umri wake na kuchanua mapema, ikitoa mti mfupi. Ya chini ya panda hurudia safari yote ya kupanda juu kwanza. Kwa Mwanza nachukua za juu, kwa sababu mti mfupi ni rahisi kuuwekea kivuli. Kata kipande cha unene wa penseli hadi kidole gumba, urefu sentimita 15 hadi 20, kisiwe kichanga wala mti mkavu. Acha jani moja au mawili ya juu, nayo uyapunguze nusu. Choma kwenye kiriba chenye mchanga mnene na pumba za mpunga zilizochomwa, nyunyiza kidogo, weka kivulini. Kuotesha kwenye glasi ya maji kunafaa kwa kundi la joto. Hizi za baridi, maji ya uvuguvugu ya hapa huziozesha. Zina mwendo wa pole pia. Subiri, na usizing'oe kuchungulia mizizi.

Sasa uchavushaji, kazi ninayoipenda kuliko zote. Makundi mawili hayapandiani, hivyo usipoteze msimu ukijaribu kuchanganya sanguinea na ile nyeupe ya jirani. Mchanganyiko unaoshika ni wa ndani ya kundi, na maarufu ni arborea kwa sanguinea, ambao uzao wake huitwa Brugmansia × flava: una nguvu kuliko wazazi, na rangi zake huwa njano, chungwa, mpaka waridi.

Arborea hunukia usiku na kuita nondo. Sanguinea haina harufu. Kwao huchavushwa na ndege wadogo wavumaji, akiwemo Ensifera ensifera, ambaye mdomo wake ni mrefu kuliko mwili ukiacha mkia. Afrika hatuna ndege hao. Tunao chozi, ambao kwa mirija mirefu namna hii hutoboa ubavuni karibu na kikonyo, wakanywa nekta bila kugusa chavua. Kwa hiyo mkono wako ndio utakaofanya kazi.

Kama mama ni arborea, kumbuka inaweza kujizalisha yenyewe, basi lazima umhasi. Chagua kitumba kitakachofunguka kesho, kipasue kwa urefu kwa wembe safi, utaona stameni 5, sehemu za kiume zenye chavua, zikizunguka mrija wa kati. Zitoe zote kwa kibano kabla hazijamwaga unga, kisha funika ua kwa kipande cha chandarua. Jioni ya pili, kichwa cha stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, kikiwa kinang'aa kwa unato, pakaza chavua ya baba kwa brashi laini, funika tena, na ufunge lebo yenye mama, baba na tarehe. Lebo ni lazima. Spishi zote 7 zimetangazwa kutoweka porini, zimebaki mikononi mwa wapandaji, na mti usio na kumbukumbu ya wazazi ni hasara kwa wote wanaotutegemea.

Maua ya wazazi wawili hayafunguki wiki moja kila mara. Kausha chavua, itie kwenye bahasha ya karatasi, iweke ndani ya chupa iliyofungwa yenye mchele uliokaangwa na kupoa, kisha kwenye friji. Namna hiyo hata rafiki wa Lushoto anaweza kukutumia chavua kwa basi, na huo ni mwendo mwepesi kuliko kusafirisha mti. Kutoka nje ya nchi ni jambo jingine. Hapo pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Uchavushaji ukikataa, ua hudondoka na kikonyo chake. Ukishika, tunda hukaa mtini kwa miezi. Kwa sanguinea kikombe cha kijani hubaki kikilifunika, basi papasa kwa vidole kama kuna kitu kigumu ndani. Vuna likianza kugeuka rangi, sia mbegu zikiwa mbichi, juujuu, kivulini.

Miche ikikua usichague kwa uzuri wa ua. Pendelea ule uliofunga vitumba kwenye usiku wenye joto kuliko ndugu zake, hata kama rangi yake ni ya kawaida, na huo ndio uwe mzazi wa mzunguko unaofuata. Yenye rangi nzuri lakini inayodondosha vitumba hapa, wapelekeeni watu wa Karagwe, mkiombana chavua irudi.