Kwa nini tunaitwa "sivili", na chama kilichoanzia mgahawani

Juzi fundi mmoja saiti kaniuliza, injinia, nyie mnaitwa sivili, kwani kuna mainjinia wa jeshi? Nikacheka ila jibu ni ndiyo, ndo lilikotoka jina lenyewe. Uingereza ya miaka ya 1700 injinia alijulikana kama mtu wa jeshi, wa ngome na mizinga, sasa akina John Smeaton waliokuwa wanajenga minara ya taa na mifereji wakajiita wa kiraia, yani "civil", ili wasichanganywe. 1771 wakaanzisha chama chao London, wanakutana baa, wanakula, wanapiga stori za kazi. Safi, ila kilikuwa cha wakubwa, kijana anayejifunza kazi hana kiti pale.

Ndo tarehe 2 Januari 1818 vijana wachache, Henry Robinson Palmer akiwa mbele, wakakaa kwenye mgahawa wa kahawa wa Kendal pale Fleet Street wakaanzisha Institution of Civil Engineers, yani taasisi ya mainjinia wa sivili. Miaka miwili chama hakikui, maana hawana jina, nani awafuate? Wakamwendea Thomas Telford. Huyu mzee baba yake alikuwa mchunga kondoo Scotland, yeye kaanza kama fundi mawe, chuo kikuu hajakanyaga, na wakati huo ndo anajenga daraja la Menai kule Wales, lenye spani (umbali kati ya nguzo na nguzo) ya mita 176. Akakubali urais 1820, akawaambia nchi zingine vyama hivi vinaanzishwa na serikali, hiki chenu kitasimama kwa juhudi ya kila mwanachama. Yani usije mikono mitupu: leta andiko, mchoro au modeli ya kazi yako, isomwe, watu waichambue, halafu itunzwe. Hati ya kifalme, yani kutambuliwa rasmi na mfalme, wakaipata 1828. Mwanamke wa kwanza, Dorothy Buchanan, kaingia 1927, miaka 109 baadaye, hapo sina la kuwatetea.

Hii tabia ya kuweka kazi yako mezani na sisi tunayo. Ripoti yangu ya kwanza ya kuomba usajili wa uinjinia ilirudi imejaa wino mwekundu, mzee mmoja wa paneli inayokagua ripoti hizo kapigia mstari kila nilipoandika "tulimwaga". Sawa, zege mlimwaga, wewe siku hiyo ulikuwa unafanya nini? Nikamwambia nilikuwa napima slampu, yani ulaini wa zege kabla halijamwagwa, na kuna gari moja la zege nililirudisha.

Akasema, sasa si uandike hilo.