Dakika 15 za Kusoma Bila Kuulizwa Maswali

Ukitaka kujua kama darasa linasoma kweli au limeshika vitabu tu, tazama macho na vidole. Mtoto aliyezama kwenye hadithi hageuki hata mlango ukifunguliwa. Kidole chake kimeshashika ncha ya ukurasa kabla hajafika mstari wa mwisho. Wadogo midomo yao hucheza bila kutoa sauti, na wala si kosa, kwa kuwa sauti bado inahamia kichwani. Yule anayejifanya kusoma hugeuza kurasa kwa mwendo uleule, yenye picha na yenye maandishi sawasawa, na kila baada ya muda mfupi humtupia mwalimu jicho.

Kazi yangu katika taasisi yetu ni kushauri walimu kuhusu usomaji. Swali ninalokutana nalo kuliko yote ni hili: "Akisoma kimya, nitajuaje kama ameelewa?" Ni swali la haki, lakini namna tunavyolijibu ndiyo inayoua vipindi vingi vya kusoma. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, anaongeza kazi kidogo: andika muhtasari, taja wahusika wakuu, eleza funzo la hadithi. Baada ya wiki chache kipindi cha kusoma kwa kujifurahisha kimegeuka zoezi la ufahamu, na mtoto anachagua kitabu chembamba kuliko vyote ili kazi iishe mapema. Hapo tumempoteza.

Zawadi nazo zina hatari hiyohiyo. Mwaka 1973 watafiti nchini Marekani waliwachukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi yao waliahidiwa cheti wakichora, na wakapewa. Siku za baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, wale waliokuwa wameahidiwa cheti walichora kidogo kuliko wenzao. Kwa hiyo chati ya nyota ukutani, ya nani amemaliza vitabu vingapi, mimi naishauri iondolewe.

Sisemi kusoma kwa sauti kuachwe. Anayejifunza silabi anauhitaji, na mwalimu anauhitaji ili asikie mtoto anakwama wapi. Lakini tufanye hesabu. Darasa la wanafunzi 40, kipindi cha dakika 40, kila mmoja akisimama kusoma kwa zamu: mtoto anapata dakika 1. Dakika 39 zilizobaki anasubiri, na wengi wanaosubiri wanahesabu aya ili wajue ipi itawaangukia. Darasa hilohilo likisoma kimya kwa dakika 15, kila mtoto amesoma dakika 15. Tena hakuna wa kumcheka akirudia sentensi mara tatu.

Faida kubwa ya wingi huo wa kusoma ni msamiati. Mtoto anakutana na neno "akaduwaa" kwenye hadithi ya mtu aliyekuta nyumba yake haipo. Analipita, amepata maana nusu. Wiki ya pili analikuta tena, safari hii msichana ameduwaa mbele ya bahari. Mara ya nne au ya tano neno ni lake, na siku moja utalikuta kwenye insha yake bila wewe kulifundisha. Hakuna mwalimu mwenye vipindi vya kutosha kufundisha maelfu ya maneno moja moja kwa namna hiyo.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Fiji, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi katika madarasa ya shule za msingi za vijijini, ambako watoto walijifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Madarasa mengine walimu walisoma hadithi pamoja na watoto, mengine watoto walisoma kimya peke yao. Makundi yote mawili yaliendelea katika kusoma kwa kasi ya takriban mara mbili ya wenzao waliofuata masomo ya kawaida.

Lazima pia niseme kwamba jopo la kitaifa la usomaji la Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2000, halikuona ushahidi wa kutosha wa majaribio kwamba kuwapa watoto muda wa kusoma kimya peke yake kunawafanya wasomaji bora. Halikusema kwamba hakusaidii. Mimi naisoma ripoti hiyo kama onyo kwa wale wanaopanga kipindi kwenye ratiba, kisha wakawaacha watoto na vitabu visivyowafaa huku mwalimu akisahihisha madaftari.

Kitabu kinachomfaa mtoto, basi, kinapatikanaje? Mwache achague mwenyewe, kisha afungue ukurasa wowote wa katikati. Kila neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho akirudishe kwa sasa. Na akianza kitabu kikamchosha, aruhusiwe kukiacha, kama tunavyofanya sisi watu wazima. Akitaka kurudia kilekile mara ya tatu, arudie.

Vitabu visifungiwe kabatini kwa kuogopa kuchakaa. Vikiwa vichache, kila darasa liwe na sanduku lake, na madarasa yabadilishane masanduku kila mwezi. Mwalimu naye asome, kitabu chake mwenyewe, watoto wakimwona.

Nchini Japani, walimu wa shule moja ya sekondari mkoani Chiba walianza mwaka 1988 na dakika 10 za kusoma kila asubuhi, na utaratibu huo ukaenea katika maelfu ya shule. Masharti yake ni manne: wote wasome, kila siku, kitabu unachokipenda, na kusoma tu, bila kazi ya kuandika.

Nirudi kwa swali la mwalimu. Utajua ameelewa kwa kuongea naye. Kila siku kaa kando ya watoto wawili, dakika mbili kila mmoja, kwa sauti ya chini: "Umefika wapi? Huyu sasa atafanyaje?" Kwa siku 20 za masomo umewafikia wote 40, na hakuna aliyeandika jibu hata moja.

Atakuwepo mtoto anayekaa na kitabu kilichofungwa. Usimkemee. Siku hiyo msomee wewe kurasa mbili za mwanzo, polepole, sauti iwafikie nyinyi wawili tu. Hadithi ikianza kunoga, simama, mwachie kitabu mezani kikiwa wazi, uende kwa mwenzake.