Je, wajua kwa nini shule ya tiba haimwadhibu papo hapo mtoto aliyepindua meza?

Mwalimu amegawa zoezi la hesabu na darasa limetulia. Dakika chache baadaye mvulana wa miaka tisa anachana daftari lake, anapindua meza na kumporomoshea mwalimu matusi. Katika shule nyingi yanayofuata yanajulikana: anatolewa nje, anapelekwa kwa mwalimu mkuu, na kosa likijirudia anasimamishwa masomo. Katika shule ya tiba, mwalimu hushusha sauti, huwaondoa wanafunzi wengine kwa utaratibu, kisha husimama pembeni ya mtoto badala ya kumkabili uso kwa uso, akisema maneno machache sana au asiseme kabisa. Mgeni anayepita mlangoni anaweza kudhani kwamba mtoto anadekezwa. Swali lake ni la haki: kwa nini adhabu isitolewe hapo hapo, kosa likiwa bado bichi?

Shule ya tiba hupokea wanafunzi ambao hisia na mwenendo wao umewafanya washindwe kusoma katika darasa la kawaida, hata baada ya kusaidiwa huko huko. Baadhi yao wana wasiwasi uliopitiliza au sonona. Wengine wana usonji, tatizo la kukosa umakini na utulivu, au kiwewe kilichotokana na ukatili, kutelekezwa au kufiwa. Madarasa yake ni madogo, na mwalimu hufanya kazi bega kwa bega na wasaidizi wa darasa, mwanasaikolojia na wataalamu wa tiba ya mazungumzo. Kinachoitofautisha na shule yenye mshauri nasaha anayeonana na mtoto mara moja kwa wiki ni kwamba tiba yake haikai ofisini: imo katika namna mtoto anavyopokewa asubuhi, anavyosubiri zamu yake, anavyohama kutoka somo moja hadi jingine, na anavyosaidiwa siku mambo yanapomharibikia.

Sababu ya kwanza ya kutoadhibu papo hapo imo mwilini. Mtu anapohisi yuko hatarini, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala huchangia kuuamsha mwili ujilinde: homoni za msongo huingia katika damu, moyo huenda mbio, misuli hukaza. Wakati huohuo gamba la mbele la ubongo, ambalo ndilo hupima matokeo ya vitendo na kuzuia pupa, hupungukiwa uwezo wa kuongoza. Na sehemu hiyo, hata kwa mtu asiye na tatizo lolote, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini ya umri wake. Kwa mtoto aliyekulia katika hofu, kengele hii hulia kwa jambo dogo, kama vile mtu aliyepita nyuma yake, sauti iliyopanda, au karatasi iliyorudishwa ikiwa imejaa alama nyekundu. Kumuuliza mtoto aliye katika hali hiyo kwa nini amefanya alivyofanya ni kumdai jibu ambalo kwa wakati huo hawezi kulitunga, na kumtajia adhabu ni kumwongezea tishio. Ndiyo maana mtu mzima huanza kwa kujituliza yeye mwenyewe. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa kuwa aliyetukanwa ni yeye, na mwili wake nao umeamka.

Sababu ya pili, ambayo naiona kuwa nzito zaidi, ni kwamba tabia humfanyia mtoto kazi fulani, na asiyeijua kazi hiyo huweza kuikuza tabia akidhani anaikomesha. Kwa hiyo wafanyakazi wa shule ya tiba huandika, kwa kila tukio, mambo matatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Tuseme kumbukumbu za wiki kadhaa za mvulana wetu zinaonyesha kwamba vurugu hutokea karibu kila mara anapopewa kazi ya kusoma na kuandika peke yake, hazitokei kamwe katika kazi za mikono, na kila zinapotokea yeye hutolewa darasani. Kwa mwalimu, kutolewa ni adhabu. Kwa mtoto ambaye hawezi kusoma swali na anaogopa wenzake wasijue, kutolewa ni kuokolewa. Amejifunza, bila mtu yeyote kukusudia kumfundisha, kwamba meza ikipinduka hesabu huondoka. Mtoto mwingine anaweza kupindua meza ya aina hiyohiyo kwa sababu ni wakati huo tu ambapo mtu mzima humtazama, na wa tatu kwa sababu kelele za chumba zimemzidi. Adhabu moja kwa wote watatu ni sawa na dawa moja kwa kila homa.

Utafiti ulioliweka wazi jambo hili ulichapishwa mwaka 1985 na wanasaikolojia wa Marekani Edward Carr na Mark Durand. Walifanya kazi na watoto wanne wenye matatizo ya ukuaji waliokuwa wakifanya vurugu, wakapima kwanza ni hali gani zinazoamsha vurugu za kila mmoja: kazi ngumu, au kukosa kuangaliwa na mtu mzima. Kisha wakawafundisha sentensi fupi. Waliosumbuliwa na ugumu wa kazi walifundishwa kusema kwamba hawajaelewa, ili wasaidiwe. Waliotaka kuangaliwa walifundishwa kumuuliza mwalimu kama wanafanya vizuri, ili wasifiwe. Vurugu zilipungua sana. Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni hili: mtoto alipofundishwa sentensi isiyolingana na haja yake, vurugu hazikupungua. Maneno mazuri peke yake hayakutosha. Yalipaswa kumpatia kile ambacho vurugu zilikuwa zikimpatia, tena kwa jasho dogo zaidi. Kutokana na kazi ya namna hiyo, leo mtoto katika shule ya tiba huweza kupewa kadi ya kuweka juu ya meza, yenye maana kwamba anahitaji msaada au dakika chache za kupumzika, na mwalimu hulazimika kuiheshimu kila mara, hasa siku za mwanzo, hata kama inamkatizia somo.

Hapo ndipo penye mtihani kwa watu wazima. Tabia iliyozoea kuleta faida, faida hiyo inapoondolewa, huweza kuzidi kwa muda kabla ya kupungua, kama mtu anayegonga mlango kwa nguvu zaidi unapokataa kufunguka. August Aichhorn, mwalimu wa Austria aliyeongoza makazi ya vijana wenye mwenendo mgumu huko Oberhollabrunn baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alieleza jinsi kundi la wavulana wakali kuliko wote lilivyozidisha uharibifu lilipoona kwamba ukatili haujibiwi kwa ukatili, kabla halijaanza kutulia. Wafanyakazi wakikata tamaa katika kipindi hicho na kurudia njia ya zamani, hata kwa siku moja, mtoto hujifunza kwamba akizidisha kidogo atafanikiwa, na tabia iliyotuzwa mara mojamoja ni ngumu kung'oa kuliko ile iliyotuzwa kila siku. Mikutano ya kila siku ya wafanyakazi, ambayo mtu wa nje angeiona kama kupoteza muda, ipo kwa ajili ya kuhakikisha kwamba mwalimu wa asubuhi na msaidizi wa mchana wanajibu jambo moja kwa namna moja.

Lakini kutoadhibu papo hapo si kuliacha jambo lipite. Mtoto akishatulia, na hilo laweza kuchukua nusu saa au zaidi, mtu aliyekuwapo hukaa naye na kulipitia tukio hatua kwa hatua. Fritz Redl, aliyeanzisha mwaka 1946 nyumba ya tiba ya wavulana mjini Detroit, alishikilia kwamba mazungumzo kama hayo hufaa zaidi yakifanyika karibu na mahali na wakati wa tukio, na mtu anayeishi na mtoto, kuliko kusubiri miadi ya ofisini. Kisha huja kurekebisha: mvulana huinua meza, hugundisha kurasa zilizochanika, huongea na mwenzake aliyeogopa. Na hesabu bado inamsubiri, ikiwa imegawanywa katika vipande vidogo.

Kuna mwanafunzi ambaye maelezo ya namna hii humsahau, naye ni yule asiyepindua chochote. Huinamisha kichwa juu ya meza, haombi msaada, hakosi adabu, na siku moja huacha kuja. Haja yake yaweza kuwa kubwa kuliko ya anayepiga kelele, na shule makini humwandikia kumbukumbu zilezile tatu.

Kuhusu kumshika mtoto kwa nguvu, msimamo unaokubalika ni kwamba hilo ni hatua ya mwisho, pale tu anapokaribia kujiumiza au kumuumiza mwingine, na kamwe si adhabu, kwa sababu watoto wamejeruhiwa na wengine wamekufa wakiwa wameshikwa.

Sheria nazo zimeufuata mkondo huu katika baadhi ya nchi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 iliwapa watoto wenye ulemavu haki ya elimu ya bure inayowafaa, pamoja na wenzao kadiri inavyowezekana, na marekebisho ya mwaka 1997 yakaingiza katika masuala ya nidhamu sharti la kuchunguza kazi ya tabia. Maana ya haki hiyo ni kwamba shule ya tiba haikusudiwi kuwa makao ya kudumu. Mtoto anayeweza kurudi hurudishwa kidogokidogo, pengine somo moja kwanza, kisha nusu siku, akisindikizwa na mtu anayemfahamu. Mpango wake husafiri naye, pamoja na ile kadi. Na mwalimu anayempokea huelezwa mapema kwamba kadi ikiwekwa mezani inapaswa kujibiwa ndani ya muda mfupi, kwa kuwa ikipuuzwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mtoto bado anakumbuka njia nyingine iliyokuwa ikimfaa.