Kuigiza Miaka Kumi Si Kujua Kuandika

"Mimi ni mwigizaji, mazungumzo nayajua, kuandika ni kukaa chini tu." Maneno haya husemwa kabla skripti haijafunguliwa, na ukurasa wa kwanza huyakanusha. Yako na mengine ya aina hiyo, nayo nitayajibu moja moja.

Mwigizaji hukabidhiwa mchezo ambao mifupa yake imeshapangwa na mtu mwingine. Yeye hutafuta mhusika anataka nini. Kazi ya mwandishi ni kumnyima. Waigizaji wengi wanaoshika kalamu wanamhurumia mno mhusika ambaye wameshajipangia kumcheza, na dalili zake hazijifichi. Mhusika huyo anazungumza ukurasa mzima, wenzake wanaitikia "Kwa nini?" na "Kisha ikawaje?" Tukio la pili ungeliweka mbele ya la kwanza, hakuna ambaye angeshtuka. Halafu wote wana ulimi mmoja: mtu wa boda boda, hakimu na jaja (bibi au babu) wa Masaka, Uganda.

Kabla ya kuandika neno la mazungumzo, orodhesha matukio yote, na kwa kila moja ujibu: nani anataka nini, nani anamzuia, nini kimebadilika mwishoni. Jibu la tatu likikosekana, tukio litoke, hata kama ndilo lenye machozi. Rasimu ikiisha, funika majina ya wahusika kwa karatasi usome mistari mitupu. Usipotambua msemaji, andika upya. Usomaji wa kwanza wa pamoja, nafasi yako mpe mwigizaji mwingine, wewe ukae na penseli na saa. Akijikwaa mara mbili kwenye sentensi ileile, kosa ni la sentensi. Ungeisoma mwenyewe, uzoefu wako ungeifunika.

Ajabu ni kwamba hata lile ambalo mwigizaji analijua kwa mwili wake hulisahau akiandika. Anajiandikia tukio la jikoni kwa nguo za kazi, kisha moja kwa moja tukio la kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, akiwa ndani ya gomesi. Gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda, ni kama mita sita za kitambaa, kikoyi ndani, mshipi juu. Haivaliwi taa zikizimwa sekunde kumi. Weka katikati tukio la wengine lenye kurasa mbili zenye maana, au umbadilishe nguo mbele ya watazamaji na liwe sehemu ya mchezo.

"Kwenye kamera unapunguza sauti tu." Sauti ndiyo rahisi. Kinachowaangusha watu wa jukwaani ni kurudia: ukiinua kikombe kwa mkono wa kulia kwenye neno fulani, utakiinua hivyohivyo kila kamera inapohamishwa, la sivyo mhariri hatakuwa na pa kuunganishia. Na kwa kuwa matukio hayapigwi picha kwa mfuatano, andika pembeni ya skripti mhusika ametoka wapi na amechoka kiasi gani. Kwa upande wa kuandika, ukurasa wa skripti ya filamu ukipangwa ipasavyo hukadiriwa dakika moja. Usitumie hesabu hiyo kwa mchezo wa jukwaani.

"Andika ukistaafu kuigiza." Rose Mbowa wa Uganda, aliyefariki 1999, aliigiza, akaandika na kufundisha Chuo Kikuu cha Makerere. Hakusubiri kuzeeka.

"Kiswahili jukwaani ni cha askari na wezi." Hii imetokana na zama ambazo wengi nchini Uganda walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani vya askari. Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi, ila skripti bado zinampa Kiswahili mtu mwenye bunduki tu. Mama anayeuza vitenge mjini Arua anakizungumza kila siku. Mpe naye mistari.

"Nimeandika mimi, kwa hiyo ni yangu." Si lazima. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inasema kazi uliyoagizwa na mtu, pasipo mkataba unaosema vingine, haki zake ni za aliyeagiza. Wazo lililo kichwani halilindwi kabisa. Kinacholindwa ni lile ulilokwisha kuliandika au kulirekodi. Basi usimsimulie mtayarishaji hadithi mkinywa chai. Mpe kurasa zenye jina lako na tarehe, na mkataba utenganishe mambo mawili: malipo ya kuandika na malipo ya kuigiza. Yakiandikwa kwa jumla moja, siku ukiondolewa kwenye nafasi yako utasumbuka kudai hata fedha za skripti.